Pindo kwanza: kanga, Bauhaus na vyumba vilivyotulia

Kila mteja anayenijia siku hizi anataka kitu kilichotulia. Mwenye hoteli anataka mapazia yaliyotulia, mwenye mgahawa anataka vitambaa vya meza vilivyotulia, na binti anayefungua duka la nguo mtandaoni anataka nembo iliyotulia. Nikiuliza wanamaanisha nini, karibu wote hunifungulia simu na kunionyesha picha ileile: ukuta mweupe, sofa ya kijivu, mtungi mmoja wenye kijiti kikavu. Kazi yangu ni kuchora michoro ya vitambaa, na nimeishi na kanga muda mrefu kiasi kwamba picha ile hainitulizi hata kidogo. Hunipa hamu ya kuhama chumba.

Si kwamba nachukia weupe. Ninachobishia ni ile imani kwamba ukipunguza vitu umeleta utulivu. Kwa uzoefu wangu jicho hutulia linapojua kinachofuata. Vitu vikiwa na zamu, hata viwe mia, jicho huvipitia bila kusumbuka; vikikosa zamu, vitatu tu vinatosha kuchosha. Mikondo mingi ya sanaa na ubunifu ya karne iliyopita ilihangaika na jambo hili, na nadhani sisi tumepokea jibu moja tu kati ya mengi yaliyotolewa, tena lile jembamba kuliko yote.

Jibu hilo lina mwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Vienna, msanifu majengo Adolf Loos alitoa mhadhara ulioyafananisha mapambo na uhalifu. Hoja yake moja ina uzito: fundi anayemaliza saa nyingi kuchonga maua ambayo kesho yatakuwa yamepitwa na wakati anapotezewa nguvu zake, na analipwa kidogo juu yake. Hiyo naikubali. Lakini hoja iliyobeba mhadhara ni nyingine, kwamba kadiri watu wanavyostaarabika ndivyo wanavyoacha kupamba. Mpapua, mwenyeji wa kisiwa cha New Guinea, anayejichora mwili anasamehewa kama mtoto asiyejua jema na baya. Mzungu wa kisasa akijichora, kwa Loos, ni mhalifu au mtu aliyeharibika. Kila nikifika hapo huwakumbuka shangazi zangu siku ya harusi, hina na piko vimepanda mpaka viwikoni, na nashindwa kuona waketi wapi kwenye ngazi ile.

Halafu litazame jengo lake mwenyewe pale Michaelerplatz, katikati ya Vienna. Ghorofa za juu kweli ni tupu, na wenyeji walilalamika sana lilipopanda. Lakini chini, palipokuwa na duka la washonaji, nguzo na kuta zimevikwa marumaru ya kijani iliyojaa mawimbi na mishipa. Pambo tele! Tofauti ni kwamba halikuchongwa na fundi, limechorwa na mlima. Loos alijua vizuri kwamba ukuta mtupu kabisa haukaliki, na pale alipotaka watu waingie watoe pesa hakuwapa ukuta mtupu.

Watu humchanganya Loos na Bauhaus, ingawa hakuwahi kufundisha pale. Bauhaus ilikuwa shule ya ubunifu iliyoanzishwa Weimar mwaka 1919 na Walter Gropius, ikahamia Dessau mwaka 1925, ikafungwa Berlin mwaka 1933 baada ya Wanazi kuibana. Picha zinazozunguka kwa jina lake ni za jengo la vioo na viti vya mabomba ya chuma. Haya, ni vizuri. Mimi Bauhaus yangu iko kwenye karakana ya ufumaji, ambako wanawake wengi waliopokelewa walisukumwa hata kama walikuja na hamu ya kitu kingine. Gunta Stölzl aliiongoza karakana hiyo kuanzia 1927 hadi 1931, na ikawa miongoni mwa zile zilizofanikiwa zaidi kuuza kazi zake viwandani. Ukitazama vitambaa vya Stölzl hutakuta sofa ya kijivu na kijiti. Utakuta mistari, miraba na rangi zilizoshikana bega kwa bega, nyekundu na kijani, njano na zambarau, na bado kitambaa chote kimekaa sawa.

Mwanafunzi mmoja wa karakana hiyo ndiye ninayemrudia zaidi. Anni Albers aliingia Bauhaus mwaka 1922 bila kiu yoyote ya kufuma. Uzi aliuona ni kazi laini mno. Alibaki, akajifunza, na mwaka 1930 alipata diploma yake kwa kitambaa kimoja cha ajabu. Kilikuwa cha ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi huko Bernau, karibu na Berlin, jengo lililosanifiwa na Hannes Meyer. Ukumbi ulikuwa na mwangwi. Albers akafuma kitambaa ambacho upande wa mbele kina selofani, ile karatasi inayong'aa, ili kirudishe mwanga ukumbini, na upande wa nyuma kina uzi wa shenili wenye manyoya ili umeze sauti.

Mtu anayefuma ataelewa kwa nini napenda habari hii. Mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, vina kawaida ya kukaa uso mmoja. Kuvifanya vitende kazi mbili tofauti, kila mmoja upande wake, ni hesabu. Na matokeo yake ni utulivu unaoweza kuupima: msemaji anasikika, taa chache zinatosha. Hakuna picha ya simu inayoweza kuuonyesha. Ukikipiga picha kitambaa kile unaona kitu cha kijivujivu kinachometameta, basi. Albers baadaye alihamia Marekani, akafundisha Black Mountain College huko North Carolina, na mwaka 1949 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York likamfanyia maonyesho yake peke yake, jambo ambalo halikuwahi kufanywa pale kwa mfumaji.

Kabla ya kuja nyumbani nina kituo kimoja Uholanzi. Mwaka 1917, katika mji wa Leiden, Theo van Doesburg alianzisha jarida la De Stijl, lililokuja kuwapa jina wasanii wale wa mistari ya wima na ya mlalo na rangi tatu za msingi. Piet Mondrian ndiye anayejulikana zaidi kati yao. Walikorofishana baadaye kwa sababu van Doesburg aliruhusu mstari wa mshazari, na mimi katika ugomvi huo nipo na van Doesburg, lakini tuache. Kinachonichekesha ni kwamba katika mji huohuo wa Leiden kulikuwa na kiwanda cha kuchapa vitambaa vya pamba, Leidsche Katoenmaatschappij, na miongoni mwa vitambaa vyake vilikuwemo vya soko la pwani yetu. Haarlem na Helmond nako walichapa. Kwa hiyo wakati vijana wa De Stijl wanatafuta mpangilio safi utakaofaa dunia nzima, meli zilikuwa zinaondoka Uholanzi na marobota ya kanga kwenda Zanzibar, Mombasa na Lamu. Sidai kwamba van Doesburg aliwahi kuishika kanga mkononi. Nasema tu kwamba lile walilokuwa wakilitafuta lilikuwa linafungwa kwenye marobota mtaa wa pili.

Maana kanga ni mpangilio mkali kuliko wanavyodhani wanaoiita nguo ya maua. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani ule msemo wake, kwenye kisanduku chake upande wa chini wa mji. Inauzwa doti, yaani mbili zinazofanana, na mnunuzi ndiye anayezikata na kuzipinda. Ukubwa wa kila moja ni takribani mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Ndani ya utaratibu huo unaweza kuweka chochote: korosho, mananasi, tausi, mnara wa saa, picha ya kiongozi, madoa matupu. Mchoro unabadilika kila msimu na soko linadai mpya, lakini nyumba yake haijabadilika kwa zaidi ya miaka mia moja. Jina lenyewe lilichelewa kuingia. Kanga za mwanzo hazikuwa na maandishi, na yalipokuja yalikuja kwanza kwa herufi za Kiarabu.

Tazama kanga ya kisutu, ile ya biharusi, nyeupe, nyekundu na nyeusi. Hakuna nafasi tupu ya kuweka kidole. Kwa kipimo cha Vienna ile ni kelele tupu. Lakini itundike kwenye kamba uitazame kwa mbali: jicho linaingia kwenye pindo, linagundua ua moja na jirani yake, linaona kwamba jirani wa jirani ni yuleyule, na hapo linaacha kuhesabu. Limeshaijua kanuni. Mji nao una kanuni yake, ndogo na ya haraka zaidi, na mpaka kati ya hizo mbili uko wazi. Kilichobaki ni jicho kutembea tu. Huo ndio utulivu ninaouzungumzia, na unatoka kwenye pindo zaidi ya kitu kingine chochote. Nimewahi kuchora miji mizuri ambayo iliharibika kwa pindo legevu, na nimeona mji wa kawaida kabisa, madoa ya mduara na basi, ukasimama kwa sababu pindo lilikuwa na nguvu.

Teknolojia ilisaidia. Katika uchapaji wa skrini, yaani nyavu za kupitishia rangi, kila rangi ina skrini yake, na kila skrini ni gharama. Kwa hiyo mchoraji wa kanga alizoea rangi chache na kuzifanyisha kazi nyingi: weupe wa kitambaa unahesabiwa kama rangi, rangi mbili zikipandana zinazaa ya tatu, na mstari mweusi wa kuzungushia unaficha pale rangi zilipokosana kidogo kiwandani. Viwanda vyetu vilivyoingia kazini baada ya uhuru, kama Urafiki pale Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza mwaka 1968, vilirithi adabu hiyo yote pamoja na mashine. Uhaba ulikuwa mwalimu mkali, lakini wanafunzi wake walifuzu.

Mwaka huohuo wa 1968, upande wa Oysterbay, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora. Alitoka Tunduru, alikuwa amefanya vibarua vya namna nyingi jijini, na alitumia alichokipata: bodi za masonaiti (mbao nyembamba za kushindiliwa) za mraba, upande mmoja kama sentimita 60, na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Aliuza pale Morogoro Stores. Alichora kwa miaka minne hivi tu, kwa sababu mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Watu wanaposikia jina lake siku hizi wanaona ile michoro ya watalii iliyojaa twiga, pundamilia, samaki na ndege mpaka ukingoni. Michoro yake mwenyewe haiko hivyo. Mara nyingi ni mnyama mmoja, mkubwa, kwenye uwanja wa rangi moja, na labda tawi au maua machache pembeni. Chui mmoja anakujazia bodi nzima. Madoa yake yamewekwa moja moja kwa brashi, na hayo madoa ndiyo yanayofanya kazi ambayo kwenye kanga hufanywa na pindo.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu hoja yangu, maana wapo watakaodhani nasema kilichojaa hutulia chenyewe. Hapana. Mingi ya ile michoro ya watalii inanichosha kama sofa ya kijivu inavyonichosha. Kila mnyama ana ukubwa sawa, kila jicho la mnyama linakutazama wewe, hakuna aliye mbele wala nyuma, na hakuna kinachorudi kwa mpango. Mafundi wake wana mkono mzuri, mzuri sana wengine, lakini soko linawalipa kwa idadi ya wanyama.

Utulivu wenyewe, ule wa mwilini, nimeupata mahali pamoja kuliko pengine popote, nako ni ndani ya nyumba za zamani za Lamu. Nyingi za zile za mawe zinazotazamwa leo ni za karne ya 18. Unatoka kwenye kichochoro ambacho wewe na punda mnapishana kwa kuombana radhi, unaingia daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, lenye baraza za mawe pande mbili, unapinda kona ili macho ya njiani yasikufuate, unatokea kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu. Kutoka hapo vyumba vinafuatana kuelekea nyuma, vyembamba na virefu, kila kimoja kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia. Wembamba wake umeamuliwa na miti: dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka upana mkubwa bila kulegea, kwa hiyo chumba hakizidi mita tatu hivi. Kadiri unavyoingia, mwanga wa kiwanda unapungua, chumba baada ya chumba, mpaka unafika ndani kabisa kwenye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani.

Niliketi pale mchana mmoja, jua likiwa utosini, mlinzi wa nyumba amesinzia zake. Ukuta mzima umetobolewa vidaka, safu juu ya safu, vilivyochongwa kwenye lipu ya chokaa na kupambwa kingo zake. Zamani vilipangwa sahani na bakuli za Kichina. Sasa vilikuwa vitupu, na sikuona pengo lolote. Rangi ilikuwa moja tu, chokaa. Mchoro wote ulichorwa na kivuli. Kila kidaka kilikuwa na ukingo wenye mwanga na tumbo lenye giza, na kwa kuwa mwanga ulitoka upande mmoja, vivuli vyote vililala upande mmoja. Nilikaa muda mrefu nikivitazama na sikujihisi natazama kitu. Nikapiga makofi mara moja, kwa uzembe wa mtu aliyemsoma Albers, kusikia mwangwi. Sauti ilikufa palepale. Mashimo yote yale yanaivunja sauti vipande vipande isipate ukuta bapa wa kurudia, na lipu ya chokaa si ngumu kama vigae. Mlinzi aliamka, akaniuliza kama kuna tatizo.

Yeyote aliyesoma tenzi za kale anajua kwamba Al-Inkishafi, inapolilia majumba ya mji wa Pate yaliyobomoka, inazitaja zidaka ambamo ndege wamefanya makao. Mshairi angeweza kutaja milango au ngazi. Alijua nini kilikuwa moyo wa nyumba.

Sasa linganisha na ukumbi wa kupokelea wageni wa hoteli mpya yoyote mjini. Vigae vinavyong'aa, kioo kutoka sakafuni hadi juu, dari ya jipsamu, kuta nyeupe. Kwenye picha umetulia. Ingia saa nne asubuhi: sanduku la magurudumu linavuka na unalisikia mpaka kwenye meno, simu ya mapokezi inalia mara mbili, mara ya pili kwa mwangwi, na watu wawili wanaozungumza kwa staha wanasikika na wote. Jicho nalo halina raha. Kwenye ukuta mtupu kila kosa la fundi linajitangaza: soketi iliyokaa upande, waya uliochungulia, alama ya kiti kilichogusa rangi. Hakuna pindo la kuyameza. Wenye ukumbi hugundua hilo baada ya miezi michache, na tiba yao huwa ni kununua mtungi mwingine.

Siku hizi mashine za kuchapa kidijitali zimeniondolea mwalimu wangu mkali. Hakuna skrini, rangi ni nyingi nipendavyo, mchoro si lazima ujirudie hata mara moja katika mita kumi. Vijana wanaoanza kazi wananiletea kanga zenye picha ya machweo iliyotanda mpaka ukingoni, rangi zikiyeyukiana, na jina limeandikwa juu ya mawingu. Zinapendeza kwenye skrini ya kompyuta. Zikivaliwa, zikajikunja kiunoni na kukunjuka mtu anapotembea, hujui unaangalia nini, kwa sababu hakuna kipande kinachokupa habari za kipande kingine. Ninachowaambia ni cha kikazi tu: chora pindo kwanza, kabla hujajua mji utakuwa nini, na jinyime rangi kana kwamba kila moja bado inakatiwa skrini yake. Wengine hunicheka. Mmoja alijaribu, na pindo lake la nyavu za uvuvi, kwa rangi mbili na weupe wa kitambaa, ndilo bora nililoliona mwaka huu.

Kwa sasa nina kazi ya mapazia ya ukumbi wa mikutano wa aina ileile niliyoisema, vigae na kioo. Nimechora mchoro wa vidaka, safu juu ya safu, rangi ya chokaa na kivuli chake, kwenye pamba nzito yenye kitambaa cha manyoya nyuma yake, na pindo pana chini. Mwenye ukumbi ameuona kwenye simu akasema umejaa mno, angependa cheupe. Nimemwambia nitamletea sampuli za vyote viwili, kwa ukubwa kamili, lakini tuzitundike siku ambayo ukumbi una watu na wanaongea.